Wateja wananipenda kwa sababu mimi ni bonge, sasa presha imepanda

Mpendwa Mshauri,

Shikamoo. Naomba jina langu lisitoke, mji tu utajwe: Tanga. Nina miaka 36, nimeolewa, nina watoto wawili. Ni fundi cherehani. Nashona madera, vitenge na magauni ya sherehe kwa wanawake wenye miili mikubwa, na sehemu kubwa ya biashara yangu iko kwenye simu, ambako naweka picha nikiwa nimevaa mwenyewe.

Unene wangu ni wa tangu utotoni. Shuleni niliitwa tipwatipwa hadi walimu wengine wakasahau jina langu. Nilipoanza kushona sikuwa na wa kunivalia nguo, nikazivaa mimi. Sikutegemea kilichofuata. Wanawake walianza kuniandikia kwamba wameona mtu kama wao amevaa gauni la mikono mifupi na hajaficha tumbo, nao wakathubutu. Kupitia wao nikafahamu kuna harakati za watu wanene wanaosema mwili mnene si kosa wala si ugonjwa. Nikasoma kwamba kile kipimo cha BMI, cha kulinganisha uzito na urefu, kilibuniwa na Mzungu ambaye hata daktari hakuwa, kwamba watu wengi wanaojinyima chakula hurudisha kilo zote, na kwamba wahudumu wa afya wanatudharau. La dharau sikuhitaji kulisoma. Nilipompeleka mtoto wa pili kliniki, muuguzi alinipandisha mizani mbele ya foleni nzima akasema, "Na wewe mama, mafuta yote haya unayapeleka wapi? Punguza kula." Tangu siku hiyo hospitali siendi kwa ajili yangu. Sindano ya Depo ya uzazi wa mpango nachomwa zahanati ya jirani, natoka.

Sasa mwezi uliopita niliingia duka la dawa kununua panadol, kijana akanipima presha kama ofa. Ikasoma 152 kwa 96. Akarudia, 148 kwa 94. Akaniambia niende hospitali. Nilicheka pale, nyumbani sikulala. Baba yangu alipooza upande mmoja akiwa na miaka 58, na ilisemwa ni presha. Mimi mwenyewe mimba ya pili presha ilipanda, miguu ikavimba, wakanizalisha wiki ya 36. Nina kilo 96, urefu sentimita 160. Magoti yanauma nikipanda ngazi. Mume wangu hunitania kwamba nakoroma kama trekta, halafu eti nakata pumzi kidogo, halafu naanza upya.

Kila mtu ana lake. Mume anasema, "Mimi nilioa mwanamke mwenye mwili, usije ukanikondea." Mama anasema nikikonda watu watasema nina ngoma, na mitaa ya huku unaijua. Wifi yangu wa Dar ameniletea chai ya kupunguza tumbo na anasema kuna sindano za kupungua anaweza kunipatia kwa mtu. Mimi nikimwangalia mama mkwe, mwembamba kabisa na kisukari anacho miaka yote, najiuliza unene na maradhi vinahusianaje.

Nikianza kupungua, si nitakuwa nimewageuka wale wanawake? Nilishawaambia hadharani kwamba sina tatizo na mwili wangu. Na nikikaa hivi, nikaanguka kama baba, wanangu nitawaachia nani? Tulikuwa tunafikiria mtoto wa tatu mwakani. Sijui nimsikilize nani.

Fundi, Tanga

MSHAURI ANAJIBU

Marahaba mwanangu. Barua yako imejaa watu: muuguzi, mume, mama, wifi, wateja, na wale wa kwenye simu. Kila mmoja ana neno kuhusu mwili wako, na wewe umejikuta unauliza umsikilize yupi. Unaliita suala la kupungua au kutopungua. Mimi naona kwanza kuna namba, 152 kwa 96, ambayo imekutisha kwa sababu ya baba, na hiyo namba hakuna aliyeishughulikia bado. Tuanze nayo, kilo zisubiri.

Chukua futi yako. Legeza mkono, pima mzunguko wa mkono wa juu katikati ya bega na kiwiko. Mikanda mingi ya mashine za presha madukani ni ya mkono wa sentimita 22 hadi 32. Mkono ukizidi hapo na mkanda ukawa ule ule mdogo, mashine husoma juu kuliko ukweli, wakati mwingine kwa pointi 10 na zaidi. Ukipata 33 au 36, unahitaji mkanda mkubwa, wa 32 hadi 42, na una haki ya kuuomba kabla hujafungwa. Siku ya kupima, kojoa kwanza. Nusu saa kabla usinywe kahawa wala chai ya rangi, na usiwe umetoka kutembea kwa kasi. Kaa dakika 5 umeegemea, miguu yote sakafuni bila kukunja nne, mkono juu ya meza usawa wa moyo, mkanda juu ya ngozi si juu ya dera. Usizungumze. Kupimwa umesimama kaunta huku unacheka na kijana wa duka hakutoi jibu la kuaminika.

Ukiweza kununua mashine, nunua ya mkono wa juu iliyoandikwa 22–42 kwenye mkanda. Zile za kufunga kifundo cha mkono achana nazo. Pima asubuhi na jioni kwa wiki moja, kila mara usome mara mbili ukiacha dakika moja katikati. Siku ya kwanza ifute, zilizobaki tafuta wastani. Nyumbani, wastani wa 135 kwa 85 na zaidi ni presha. Kwa daktari mpaka ni 140 kwa 90, na inatakiwa ionekane hivyo siku mbili tofauti.

Sikuambii haya ili upate pa kujificha. Baba aliyepooza kabla ya miaka 60, mimba iliyopandisha presha, na hiyo pumzi inayokatika usingizini, vyote vinaifanya namba yako iaminike. Mwanamke aliyepata presha ya mimba hubaki na uwezekano mkubwa zaidi wa presha na maradhi ya moyo miaka ya baadaye, awe mnene au mwembamba, na kwa bahati mbaya wengi hawaambiwi siku ya kuruhusiwa kutoka wodini. Mkanda mkubwa unaweza kukushusha kidogo. Sitarajii ukushushe hadi 120.

Sasa hizo harakati. Zina historia ndefu kuliko simu zetu. Mwaka 1969 Marekani kilianzishwa chama cha NAAFA cha kutetea watu wanene, na mwaka 1973 wanawake wa Los Angeles wakatoa ilani ya ukombozi wao. Sehemu kubwa ya walichodai ilikuwa haki za kawaida: mtu asinyimwe kazi kwa unene, apate nguo za kuvaa na kiti cha kukalia, daktari amtibu ugonjwa uliomleta. Hakuna dai hata moja hapo linalohitaji presha iwe uongo. Unaweza kuyakubali yote na bado ukameza kidonge chako asubuhi. Wapo pia walioongeza kwamba kilo hazina uhusiano wowote na maradhi, na hapo mimi naachana nao, kwa sababu kisukari, presha, magoti na kukatika pumzi usingizini vinaongezeka wazi kadiri mafuta ya tumboni yanavyoongezeka.

Kuhusu BMI, waliokuambia hawakukudanganya. Adolphe Quetelet alikuwa mwanatakwimu wa Ubelgiji, na miaka ya 1830 alikuwa akitafuta vipimo vya mtu wa wastani, si mgonjwa. Jina BMI lilikuja mwaka 1972. Yako ni 96 gawanya kwa 1.60 mara 1.60, yaani 37.5, na inaitwa unene uliokithiri kuanzia 30. Haijui kutofautisha msuli na mafuta, wala mafuta ya nyonga na ya tumbo. Chama cha madaktari wa Marekani kilichotangaza mwaka 2013 kwamba unene uliokithiri ni ugonjwa, mwaka 2023 kilisema kipimo hicho kisitumike peke yake. Januari 2025 tume ya wataalamu wa nchi mbalimbali ikapendekeza watu watenganishwe: kuna wenye mafuta mengi ambao viungo vyao bado vinafanya kazi vizuri, na kuna ambao mafuta yameshaanza kuharibu kazi ya mwili. Kwa hiyo swali lako la kama unene ni ugonjwa linajibiwa mtu kwa mtu, na kwa upande wako majibu yako kwenye presha, sukari, magoti na usingizi kuliko kwenye mizani.

Futi itakusaidia tena hapa, ila usipime kiuno cha gauni. Wewe ukimpima mteja unatafuta pale palipobana. Kipimo cha afya kinachukuliwa katikati ya ubavu wa mwisho na juu ya mfupa wa nyonga, umeshatoa pumzi, bila kuvuta tumbo ndani. Kwa mwanamke, kuanzia sentimita 80 hatari inaongezeka, na kupita 88 inaongezeka sana. Njia nyingine rahisi ni kulinganisha na urefu: kiuno kisizidi nusu yake, na nusu yako ni 80. Wapo wanawake wenye nyonga kubwa na kiuno cha wastani ambao damu yao ni safi miaka mingi, na wapo wembamba wenye kitambi kidogo kilichojificha ndani kuzunguka ini. Mama mkwe wako anaweza kuwa mmoja wao, maana kisukari huku kwetu huwakuta wengi ambao hawajawahi kuitwa wanene. Anathibitisha kwamba wembamba hauhakikishi uzima. Hathibitishi kwamba unene hauongezi hatari.

Nigusie na la muuguzi, kwa sababu nadhani limekugharimu kuliko unavyojua. Alikukosea. Lakini matokeo yake ni kwamba mtu mwenye historia ya presha ya mimba amekaa miaka bila kupimwa. Watafiti wa unyanyapaa wameliona hili nchi nyingi: anayedhalilishwa kliniki harudi, na anaporudi tatizo limeshakua. Rudi, ila rudi umejipanga. Omba upimwe uzito faraghani, au mizani iwe nyuma yako na namba waiandike bila kuitamka. Na daktari akianza na "punguza mwili" kabla ya kukupima, muulize kwa adabu: "Dokta, mgonjwa mwembamba mwenye presha hii ungempa matibabu gani?" Kisha uyaombe hayo hayo. Vipimo vya kuomba ni sukari ya kufunga au HbA1c (kipimo cha wastani wa sukari ya miezi kama mitatu), mafuta kwenye damu, figo, na mkojo kuangalia protini. Mweleze habari ya pumzi kukatika, na mume wako arekodi kwa simu usiku mmoja ili daktari asikie. Kukata pumzi usingizini kunapandisha presha hata dawa zikawa hazifanyi kazi vizuri, na watu hulichukulia jambo la utani.

Baada ya hapo ndipo yanakuja maamuzi, na hayako mawili kama ulivyoyaandika.

Kuna mtu anayechagua kuacha uzito ulivyo, akatibu presha, akapunguza chumvi, akatembea. Si uzembe. Kutembea haraka dakika 30, siku 5 kwa wiki, kunaweza kushusha presha pointi 5 hivi bila kilo hata moja kutoka, na wewe ambaye cherehani inakukalisha tangu asubuhi ungeona tofauti mapema. Chumvi iwe isiyozidi kijiko kimoja cha chai kwa siku, ukihesabu na iliyo ndani ya viungo vya pakiti. Ng'onda na papa mkavu loweka, maji yamwage, urudie. Dawa za presha nazo si adhabu ya wanene. Zinafanya kazi ile ile kwenye mwili wowote. Watu husema ukianza huachi. Ukweli ni kwamba presha ikiachwa ndiyo haiachi. Dozi daktari anaweza kuipunguza hali ikibadilika, usiikate mwenyewe. Udhaifu wa njia hii ni kwamba magoti na pumzi ya usiku havitapata nafuu kubwa, na ikiwa sukari yako iko mpakani, vidonge vya presha havitaizuia.

Kuna anayechagua kupungua, na hapa nakuomba ufanye hesabu kabla ya kuogopa. Nafuu ya kiafya huanza kuonekana mtu akipunguza asilimia 5 hadi 10 ya uzito wake. Kwako ni kilo 5 hadi 9 na nusu. Katika utafiti mkubwa wa Marekani uliotolewa mwaka 2002, watu waliokuwa karibu kupata kisukari walilenga kupunguza asilimia 7 na kufanya mazoezi dakika 150 kwa wiki. Waliougua wakapungua kwa asilimia 58 wakilinganishwa na wasiofanya hivyo. Asilimia 7 yako ni chini ya kilo 7. Na magoti: kila kilo inayotoka mwilini inaliondolea goti mzigo wa kama kilo 4 kwa kila hatua. Sasa jifikirie una kilo 89. BMI bado ni karibu 35. Bado ni bonge, mwanangu, bado unavaa madera yako, labda umeshuka saizi moja. Mume hatakosa mwanamke aliyemuoa na mama hatasikia mtaa ukinong'ona. Nafikiri umekuwa ukipigana na picha ya kuwa mwembamba, jambo ambalo hakuna daktari makini angekudai.

Ukiamua hivyo, anzia kwenye vitu vinavyopimika. Angalia lita za mafuta zinazoisha nyumbani kwa mwezi. Nyumba ya watu 4 inayomaliza lita 4, kila mmoja anakula kama mililita 33 kwa siku, karibu kalori 280 zisizoonekana kwenye sahani. Zikishuka hadi lita 2 na nusu, kila mtu amepunguza kalori 100 kwa siku bila kunyimwa tonge. Wali wa nazi upike kwa tui jepesi, kasimele ibaki ya mchuzi wa siku ya wageni. Chai ya vijiko 3 vya sukari mara 4 kwa siku ni vijiko 12, wakati Shirika la Afya Duniani linashauri ikiwezekana visizidi 6 kwa siku, vyote pamoja, na soda moja ya mililita 350 peke yake ina vijiko kama 9. Machungwa ya Muheza yamenye uyale, usiyakamue. Asubuhi usishinde na njaa hadi saa 9: anayefanya hivyo anaweza kula kupita kiasi jioni. Kilo 2 kwa mwezi zinatosha.

Kinachoharibika ni hiki. Mwezi wa sita hivi mizani inagoma. Mwili uliopungua unatumia nishati kidogo kuliko mwanzo, na njaa inaongezeka kwa sababu homoni zinadai kilo zirudi. Mtu anadhani amelegea, anajinyima zaidi, anachoka, anaacha kila kitu, kilo zinarudi. Waliokuambia kwamba wengi hurudisha wana ushahidi, na urithi nao una mkono: tafiti za mapacha zinaonyesha sehemu kubwa ya tofauti za uzito kati ya watu inatokana na vinasaba. Anayeijua mapema hii hatua ya kugoma hujitahidi kubaki pale alipofika, na kubaki na kilo 90 miaka mitano ni bora kuliko kushuka 80 na kurudi 100. Hatari ya pili ni ya moyoni. Umehangaika kuacha kujichukia, na mizani ya kila asubuhi inaweza kukurudisha darasani kwa tipwatipwa. Ukiona hivyo, pima kiuno mara moja kwa mwezi na presha, mizani iweke uvunguni.

Chai ya wifi usiinywe. Chai nyingi za namna hii zina sena, ambayo inaharisha. Kinachotoka ni maji na madini ya potasiamu, mafuta yanabaki. Ukiichanganya na dawa ya presha ya kukojosha, mapigo ya moyo yanaweza kuvurugika. Nyingine duniani zimekutwa na sibutramini ndani bila kuandikwa, dawa iliyoondolewa sokoni Ulaya na Marekani mwaka 2010 kwa sababu ya kuleta maradhi ya moyo na kiharusi. Kwa mwenye namba zako, hiyo ndiyo ya kuogopa.

Sindano ni habari tofauti. Semaglutaidi ni dawa halisi, na katika majaribio watu wasio na kisukari walipungua wastani wa kama asilimia 15 kwa wiki 68. Walipoacha, ndani ya mwaka walirudisha theluthi mbili ya walichopunguza, kwa hiyo mtu aingie akijua ni dawa ya muda mrefu na gharama yake ni ya muda mrefu. Kabla ya kufunguliwa hukaa kwenye nyuzi 2 hadi 8. Iliyosafiri kwenye mkoba wa basi kutoka Dar hujui imebaki nini. Na Juni 2024 Shirika la Afya Duniani lilitoa tahadhari ya sindano bandia. Daktari akikuandikia, utaipata duka lenye friji na risiti, si "kwa mtu". Lile puto la tumboni la kupunguza kula, la hospitali ya Mloganzila, Dar, nalo lipo, ila linawekwa kwa muda kisha linatolewa, na baada ya hapo unarudi kwenye mafuta na sukari ile ile niliyoitaja juu.

Umeandika kwamba utakuwa umewageuka wateja. Uliwaahidi nini hasa? Nikiisoma barua yako, uliwaonyesha kwamba mwanamke mnene ana haki ya gauni lililokatwa vizuri. Hiyo haikuwa ahadi ya kutopima presha. Wapo watakaokasirika ukipungua, na wapo miongoni mwao walio na presha wasiyoijua kwa sababu na wao walipandishwa mizani mbele ya foleni. Unaweza kunyamaza, mwili ni wako na si sehemu ya bei ya dera. Unaweza kusema neno moja, kwamba una presha na unaitibu. Hapo ujiandae kwa watakaokuuzia chai na watakaodai ulikuwa unawadanganya. Biashara inayosimama juu ya mwili wa mwenyewe ni nyepesi kutikiswa hata na mimba. Uganda mwaka 2019 waziri mdogo wa utalii alizindua mashindano ya warembo wenye miili akitaka wawe kivutio cha watalii, na wanawake wengi wakang'aka, kwa haki: kusifiwa mwili kunaweza kumgeuza mtu bidhaa sawasawa na kudharauliwa mwili. Je, ungependa picha za wateja wawili watatu, kwa idhini yao, zikae pembeni ya zako?

Mume usimhukumu kwa utani. Anayetania kukonda huenda anaogopa kuambiwa kwamba hakupendi ulivyo. Mwonyeshe namba, mkumbushe wodi ya wiki ya 36, muulize anafikiri nini kuhusu baba mkwe wake. Huenda akawa wa kwanza kuvaa raba jioni.

Na mtoto wa tatu. Hili lisisubiri, kwa sababu linabadilisha matibabu. Mwambie daktari siku ya kwanza kwamba unafikiria mimba, maana dawa za presha ambazo majina yake yanaishia na "-pril" au "-sartan" hazifai kwa mjamzito, na za kuwafaa wajawazito zipo. Semaglutaidi nayo huachwa miezi 2 au zaidi kabla ya kushika mimba. Depo huwaongezea uzito baadhi ya wanawake, na baada ya sindano ya mwisho uzazi unaweza kuchelewa kurudi kwa miezi 9 au 10. Kama mnalenga mwakani, uliza sasa kuhusu kitanzi cha shaba, kisichokuwa na homoni na ambacho kikitolewa uzazi hurudi mara moja. Ukishika mimba nenda kliniki mapema, kabla ya wiki ya 12, uwaeleze ya mimba ya pili, kwa kuwa kuna aspirini ya dozi ndogo ambayo wakiianza kuanzia wiki hiyo ya 12 hupunguza uwezekano wa presha ya mimba kurudi. Na mkanda, mwanangu, uwe mkubwa, kila hudhurio.